Pereira wa Mombasa, Perera wa Colombo, Perry wa New Bedford: je, ni ukoo mmoja?

Swali: Jina la ukoo wetu ni Pereira. Babu mzaa baba alitoka Goa akaja Mombasa kufanya kazi ya ukarani, na bibi alizaliwa Unguja kwa wazazi wa Kigoa. Wapo jamaa wanaosema sisi ni masalia ya Wareno wa Fort Jesus. Mtandaoni naona Pereira wamejaa Brazil, Sri Lanka kuna Perera, na Marekani kuna kina Perry wanaodai asili ni hiyo hiyo. Je, sote ni ukoo mmoja? Na nikitaka kufuata nasaba yetu, nianzie wapi?

Jibu: Hapana dada, si ukoo mmoja, na Fort Jesus karibu haihusiki kabisa. Jina Pereira limesambaa duniani kwa njia ya kitabu cha ubatizo kuliko kwa njia ya damu. Ukianza utafutaji kwa kuuliza “kina Pereira walitoka wapi?” utapotea mapema. Swali litakalokufikisha ni “babu alibatizwa parokia gani?” Nitaeleza kwanza jina lilivyosafiri, kisha nije kwenye kazi yenyewe.

Kwa Kireno pereira ni mti wa peasi (si mpera wetu wa mapera). Kaskazini mwa Ureno, na ng’ambo ya mpaka huko Galicia, Hispania, vijiji na mashamba yenye jina hilo ni vingi. Mtu akihama kijiji chake aliitwa “fulani wa Pereira”, basi, jina likamganda. Kwa hiyo hata huko kwao jina lilizaliwa mara nyingi, mahali mbalimbali, kwa watu wasiojuana. Ukoo wa kikabaila unaotajwa sana ulitokana na shamba la Pereira karibu na Vila Nova de Famalicão, na ndimo alimotoka Nuno Álvares Pereira, jemadari aliyewashinda Wakastilia (watu wa ufalme wa Castile, Hispania ya leo) vitani Aljubarrota tarehe 14 Agosti 1385, na ambaye Papa Benedikto wa 16 alimtangaza mtakatifu mwaka 2009. Binti yake aliolewa na duke wa kwanza wa Bragança, nyumba iliyotawala Ureno kuanzia 1640 hadi 1910. Ndiyo maana wauza ngao za ukoo (nembo za kikabaila) hukuuzia ngao ya jemadari huyo, uwe umetoka Recife, Goa au Colombo. Usinunue. Ngao ni ya tawi moja la ukoo mmoja, si ya kila anayebeba jina.

Kuna jambo jingine la Ureno ambalo huwaangusha watafiti wengi. Kabla ya usajili wa kiserikali kuwa wa lazima mwaka 1911, padri alipombatiza mtoto aliandika jina lake la kwanza tu. Jina la ukoo mtu alilichukua ukubwani, na alikuwa na uhuru mkubwa: la baba, la mama, la bibi mwenye mali, la baba wa ubatizo. Wasichana wengi walipewa majina ya ibada kama de Jesus au do Rosário. Ndugu wanne wa tumbo moja waliweza kuwa na majina matatu tofauti. Kwa hiyo mtu anayefuata jina Pereira kurudi nyuma, akidhani anafuata mstari wa baba, huenda vizazi viwili baadaye anafuata ukoo wa mama mkwe wa mtu.

Sasa Goa, maana ndiko liliko jibu lako. Wareno waliiteka mwaka 1510. Kuanzia miaka ya 1540, baada ya Wajesuiti kuwasili, ubatizo ukawa wa halaiki: wilaya ya Salcete ikawa mikononi mwa Wajesuiti, ya Bardez mikononi mwa Wafransisko. Watu wa mtaa mmoja walibatizwa pamoja, na walipewa jina la padri, la ofisa, au la Mreno aliyesimama kama baba wa ubatizo. Matokeo yake mawili bado yanaonekana leo. Kwanza, kijiji kimoja kinaweza kujaa jina moja au mawili, na wenye jina hilo wasiwe na undugu wowote. Pili, watu wa ukoo mmoja wa Kihindu waliobatizwa siku tofauti waliweza kuishia na majina tofauti, huyu Pereira, yule Fernandes, yule de Souza. Jina la Kireno liliwekwa juu ya ukoo uliokuwapo karne nyingi kabla.

Ukoo ule wa zamani haukupotea. Uliendelea kuishi ndani ya ushirika wa ardhi wa kijiji, ambao Wagoa huuita gaunkari na Wareno wakauita comunidade. Wenye haki ndani yake walikuwa wanaume wa koo za kwanza za kijiji, na kila mkondo wa ukoo (vangod) ulikuwa na nafasi yake kwa mpangilio. Haki hiyo ilirithiwa kutoka baba kwenda mwana, na majina yakaandikwa vitabuni. Iwapo babu yako alikuwa gaunkar wa kijiji chake, basi daftari la ushirika litakuambia zaidi kuhusu damu yako kuliko jina Pereira litakavyoweza. Ukikuta Pereira wawili wa kijiji kimoja wako kwenye vangod tofauti, wahesabu kuwa koo mbili.

Turudi Mombasa. Ujenzi wa Fort Jesus ulianza mwaka 1593. Mwaka 1631 Sultani Yusuf bin Hasan, aliyekuwa amelelewa Goa na kubatizwa Dom Jerónimo, aliwageuka Wareno, na Wakristo wa mji wakauawa au kuchukuliwa mateka. Wareno walirudi mwaka uliofuata, wakang’olewa na Waomani mwishoni mwa 1698 baada ya kuzingirwa karibu miaka mitatu, wakarudi tena kwa muda mfupi 1728 hadi 1729, na hapo yakaisha. Toka hapo hadi wamisionari wa Kikatoliki walipofika Unguja mwaka 1860, mnyororo wa ubatizo ulikatika, na jina la namna hii haliishi bila ubatizo. Kina Pereira wa pwani yetu walikuja baadaye: Wagoa waliofuata biashara na kazi Unguja enzi za masultani wa Kibusaidi, kisha Mombasa na Nairobi baada ya reli kuanza kujengwa 1896. Walikuwa makarani, wapishi, mafundi cherehani, madaktari wasaidizi, wapiga picha. Postikadi za zamani za Unguja zenye chapa ya Pereira de Lord zimetoka kwenye studio ya Wagoa hao.

Kosa hilo hilo hufanywa Muscat. Wareno walikaa huko 1507 hadi 1650, na ngome za Jalali na Mirani zipo bado, kwa hiyo mtu akikutana na Pereira ofisini hukimbilia ngome. Karibu kila mara ni Mgoa, Mmangalore au Msri Lanka aliyekuja kazini.

Kama unataka mkasa wa kweli wa Pereira katika Afrika ya upande huu, uko bonde la Zambezi. Gonçalo Caetano Pereira, Mgoa, alifika eneo la Tete, Msumbiji ya leo, katika karne ya 18 akachimba dhahabu na kufanya biashara na Wamaravi. Mwanawe Manuel alifika kwa mfalme Mwata Kazembe, Zambia ya leo, mwaka 1796. Wazao wao wakaoa huko, wakageuka machifu wa Macanga wenye askari wao, na Wareno wenyewe wakapigana nao katika karne ya 19. Hao ni Pereira ambao asili yao ya jina ni Ureno, ya babu ni Goa, na ya bibi zao wote ni Zambezi. Ndiyo sababu mtu wa Mtwara au Ruvuma mwenye jina la Kireno aanze kutazama Msumbiji kabla ya Goa.

Perera wa Sri Lanka ni jina lile lile lililopita kwenye ulimi wa Kisinhala. Wareno walifika kisiwani mwanzoni mwa karne ya 16, na Dharmapala, mfalme wa Kotte, alibatizwa mwaka 1557. Wengi wa pwani wakamfuata, na jina la Kireno likawa alama ya heshima. Waholanzi walipoitwaa Colombo mwaka 1656 nao walidai ubatizo kwa anayetaka cheo au kurithi, hivyo majina yakabaki. Leo Perera ni miongoni mwa majina yanayoenea zaidi kisiwani na wengi wao ni Mabudha. Familia nyingi zina pia jina la nyumba linaloishia na -ge, ambalo ndilo jina la ukoo hasa. Ila angalia: Perera lipo pia Catalonia, na huko lilizaliwa lenyewe kutokana na mti ule ule. Perera wa Barcelona au wa Cuba hahusiani na Colombo. Mashariki zaidi, Sikka katika kisiwa cha Flores, Indonesia, jina huandikwa Pareira.

Brazil ndiko waliko wengi kuliko popote. Jina limo ndani ya kumi yanayoongoza, pamoja na Silva, Santos, Oliveira na Souza. Wapo wazao wa wahamiaji kutoka Minho (kaskazini mwa Ureno) na visiwa vya Azores, lakini wapo pia wazao wa wenyeji waliobatizwa misheni, na wa Waafrika waliobatizwa utumwani au waliochukua jina la bwana wao walipopata uhuru, hadi utumwa ulipofutwa tarehe 13 Mei 1888. Baadhi ya walioachwa huru walivuka bahari kurudi Lagos na pwani ya Benin, na majina yao ya Kibrazil yakaenda nao. Afrika ya Kireno ni hivyo hivyo: Aristides Pereira alikuwa rais wa kwanza wa Cape Verde, 1975 hadi 1991, na Carmen Pereira alikaimu urais wa Guinea-Bissau kwa siku tatu mwezi Mei 1984. Angola na Msumbiji jina la Kireno lilikuwa pia sehemu ya kutambuliwa kama assimilado (mwenyeji aliyehesabiwa amefuata desturi za Kireno), hadhi iliyofutwa 1961. Argentina na Uruguay utaliona likiandikwa Pereyra. Ufaransa na Luxembourg limeletwa zaidi na wafanyakazi walioihama Ureno kuanzia miaka ya 1960.

Kina Perry wanaodai hivyo wanaweza kuwa na haki. Mabaharia wa nyangumi kutoka Azores walishuka New Bedford, Massachusetts, na wengine walifuata viwanda vya nguo vya Fall River. Huko Pereira akawa Perry, Rodrigues akawa Rogers, Oliveira akawa Oliver. Hawaii, ambako vibarua wa miwa kutoka Madeira walianza kufika mwaka 1878, imezoeleka tahajia ya Perreira. Majina hayakubadilishwa na makarani wa forodhani kama inavyosimuliwa. Makarani walifuata orodha ya abiria iliyoandikwa melini. Yalibadilika baadaye, shuleni, kiwandani, kwenye daftari la mishahara, mara nyingi kwa hiari ya mwenyewe. Lakini Uingereza ina Perry wake wa zamani, wasio na Mreno hata mmoja. Perry bila babu kutoka Azores, Madeira au Cape Verde asikusumbue.

Utasikia pia kwamba majina ya miti ni ya Wayahudi waliolazimishwa ubatizo Ureno mwaka 1497. Si kweli kama kanuni. Wayahudi hao walichukua majina yaliyokuwapo, yale yale ya majirani zao, na Pereira likiwemo. Wapo Pereira Wayahudi wanaojulikana vizuri: Jacob Rodrigues Pereira, aliyefundisha viziwi kusema Ufaransa karne ya 18, na wajukuu zake Émile na Isaac Péreire walioanzisha benki ya Crédit Mobilier mwaka 1852. Lakini ushahidi wao ni nyaraka za jumuiya za Bordeaux na Amsterdam. Jina peke yake halithibitishi kitu.

Kuhusu ramani za majina unazoziona mtandaoni, zisome kwa tahadhari. Nyingi hutegemea vitabu vya simu na orodha za wapiga kura, huhesabu Pereira, Pereyra na Perera kama majina matatu, na hazijui la kufanya na majina mawili. Kwa Wareno na Wabrazil jina la mama hutangulia na la baba hufunga: João Pereira da Silva kwa kawaida ni Silva kwa baba, wakati João Silva Pereira ndiye Pereira. Wahispania hupanga kinyume chake. Tofautisha pia idadi na uzito: Brazil inaongoza kwa idadi kwa sababu ni nchi kubwa, lakini Ureno ndogo ina Pereira wengi zaidi kwa kila watu elfu.

Sasa kazi yenyewe. Usianzie Goa, anzia Mombasa. Tafuta cheti cha ndoa ya babu na bibi cha kanisani, si cha serikali. Mkatoliki anayeoa nje ya parokia yake hutakiwa kuleta cheti cha ubatizo, na toka mwaka 1908 paroko anayefungisha ndoa hupeleka taarifa kwenye parokia ya ubatizo, ambayo huandikwa pembeni mwa jina. Kwa hiyo kitabu cha ndoa cha Kanisa Kuu la Roho Mtakatifu Mombasa, au cha Minara Miwili (Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu) Unguja, kinaweza kukutajia parokia ya Goa kwa jina. Omba nakala kamili ya ingizo lote pamoja na maandishi ya pembeni. Makosa hutokea hapa: ofisi nyingi hukupa cheti kifupi kilichochapwa, chenye majina na tarehe tu, na kile ulichokihitaji kimebaki kitabuni.

Kama ndoa ilifungwa Goa, njia nyingine ni pasipoti. Kabla ya Desemba 1961, India ilipoitwaa Goa, Mgoa alikuwa raia wa Ureno, na pasipoti au cheti cha usajili cha ubalozi mdogo wa Ureno hutaja mahali pa kuzaliwa. Vilevile jiwe la kaburi, hati ya mirathi mahakamani, na kadi za uanachama wa klabu za Kigoa. Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka Nairobi na ile ya Kilimani, Zanzibar, zinafaa kwa ajira na mirathi. Hazina vitabu vya ubatizo. Unapopekua, tafuta pia Pereria, Perreira, Parera na Periera, maana makarani wa Kiingereza waliandika walivyosikia, na jina refu kama “Pereira e Souza” walilikata popote walipotaka.

Ukishapata kijiji, kuna vitabu vya aina mbili. Usajili wa kiserikali Goa ulianza 1914, hivyo aliyezaliwa baada ya hapo yumo katika ofisi ya msajili wa taluka (wilaya) yake. Aliyezaliwa kabla yumo kwenye kitabu cha parokia, na vitabu vingi vya zamani vimehamishiwa hifadhi ya nyaraka ya serikali, Panaji. Kuandika barua “natafuta kina Pereira” hakutajibiwa. Andika jina kamili, jina la baba na la mama, kijiji na mtaa wake (vaddo), na mwaka kwa kukisia wa miaka mitano mbele na nyuma.

Ingizo litakuwa kwa Kireno, lakini maneno ni yale yale kila mara: filho au filha de ni mtoto wa, natural de ni mzaliwa wa, freguesia ni parokia, avós paternos ni babu na bibi wa upande wa baba, padrinhos ni wasimamizi wa ubatizo, exposto ni mtoto aliyeokotwa. Pereira hufupishwa Pra, Rodrigues huandikwa Roiz. Ingizo moja zuri la karne ya 19 hukupa watu saba: mtoto, wazazi wawili na babu na bibi wanne. Andika wote saba kabla hujaomba ingizo linalofuata, hasa majina ya bibi, kwa kuwa kijijini penye Pereira ishirini, bibi ndiye atakayekutofautishia yupi ni wako.

Kipimo cha vinasaba kina matumizi, ila si yale yanayotangazwa. Tangu 1600 hadi sasa ni vizazi kama 14, na Mreno mmoja wa wakati ule amekuachia kwa wastani sehemu moja kati ya 16,384, yaani pengine hakuna hata kipande kinachopimika. Asilimia ndogo ya “Iberia” (Ureno na Hispania) kwenye matokeo haithibitishi babu Mreno, na kukosekana kwake hakumkanushi. Kinachofaa ni kipimo cha kromosomu Y cha kaka yako au baba mdogo, kikilinganishwa na cha Pereira mwingine wa kijiji kile kile. Hicho kitakuambia kama mko mkondo mmoja wa baba.

Mwisho, kwa kuwa wengi hufikia hapo hata kama hawakuuliza: uraia wa Ureno hautolewi kwa jina. Kinachohesabiwa ni babu kuzaliwa Goa kabla ya tarehe 20 Desemba 1961 na kuzaliwa kwake kuandikishwa kwenye usajili mkuu wa Lisbon, kisha mtoto wake, kisha mjukuu kwa masharti yake. Masharti hayo yamebadilika mara kadhaa, kwa hiyo soma yaliyopo siku unayoomba. Kenya inaruhusu uraia pacha tangu katiba ya 2010. Ndugu zako walio raia wa Tanzania au wa India wapate ushauri wa kisheria kabla ya kusaini chochote, maana wakichukua pasipoti ya pili wanaweza kuipoteza ya kwanza.